Ukuta wa Upande wa Jua

Msiba wa mke wangu tuliuweka kwao, Kihesa, kwa sababu uwanja wetu ni mdogo na kwa sababu shemeji zangu hawakutaka kusikia habari nyingine. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya Iringa inayoingia kwenye mifupa ya mzee na kukataa kutoka. Kila asubuhi waombolezaji walifanya kama watu wa huku wanavyofanya tangu nilipowafahamu: walihamishia mabenchi kwenye ukuta unaotazama kaskazini, wakajipanga, migongo wameiegemeza ukutani, macho wameyafumba kuelekea jua. Mimi mfiwa niliwekewa kiti katikati yao. Sikukikalia. Nilisema miguu imekufa ganzi, nikasimama pembeni na fimbo yangu, na kila mtu alipoinuka kwenda kunawa au kupokea mgeni, macho yangu yalimfuata mgongoni. Watu walidhani nalia. Ni kweli nilikuwa nalia, lakini pia nilikuwa nakagua makoti, na niliona aibu kwamba mwanamume wa umri wangu, mkewe yumo ndani ya sanduku, bado ana nafasi kichwani ya kukagua makoti.

Wajukuu wangu wanajua chanzo cha tabia hiyo ya makoti kama kichekesho. Wanakisimulia kwenye harusi, wananiigiza, na mimi nacheka nao kwa kuwa babu asiyecheka hualikwa mara moja tu. Lakini mimi sijawahi kukiona kichekesho. Nikiwa peke yangu, nikinyoa ndevu au nikisubiri chai ipoe, siku ile hunirudia bila hodi, na uso unanipata moto kama vile watu wale wote bado wamekaa mbele yangu, wakati wengi wao nimewazika kwa mikono yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, reli mpya ilipofika Mbeya na mji mzima ukawa unanuka saruji na rangi. Nilikuwa kijana wa Kinyakyusa mwenye brashi mbili zangu mwenyewe, na nilikaa Mwanjelwa, chumba kimoja na fundi aliyenifundisha kazi, Fundi Mwasomola. Chumba kile bado nakinusa: tapentaini, mafuta ya taa, na ndizi za maharage zilizoungua kidogo chini, maana Fundi alipika huku akisimulia, na masimulizi yake hayakuwa na mwisho. Makopo matupu ndiyo yalikuwa viti vyetu, na shuka zetu zilikuwa na madoa ya kila jengo tulilowahi kupaka. Fundi alikuwa na tabia ya kushika ukuta wa mtu kabla ya kumsalimia mwenye nyumba. Mimi niliiga tabia hiyo, nikaiongezea majivuno ambayo yeye hakuwa nayo. Nilitembea mjini nikitoa hukumu juu ya kuta za watu kwa sauti.

Yustina alikuwa akiishi kwa shangazi yake, Shangazi Skola, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akijifunza ushonaji. Nilimfahamu nilipopaka madirisha ya shangazi huyo, kazi ya asubuhi moja niliyoivuta ikafika Ijumaa. Siku ya mwisho nilikuwa nje nikimalizia fremu, na ndani Shangazi Skola alikuwa akichambua mchicha na jirani yake, hawajui kwamba dirisha halijafungwa. "Kijana hana neno," alisema, "lakini kaka yangu Kalinga mimi namjua. Hawezi kumtoa mtoto kwa mtu ambaye kazi yake inaoshwa na mvua." Jirani akacheka, akasema angalau mwashi anaacha nyumba, mtu wa rangi anaacha harufu tu. Nilishuka kwenye ngazi, fremu ikabaki nusu. Ningeweza kuvumilia kuambiwa mimi ni mtu wa kabila jingine, au maskini, kwa kuwa yote mawili yalikuwa kweli. Lakini kazi yangu! Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Mwasomola, nikamwambia nataka kumpakia Mzee Kalinga ukuta ambao hata watoto wa watoto wake watauelezea.

Tulikuwa na makopo ya rangi nyeupe ya mafuta yaliyobaki kwenye kazi ya ofisi za stesheni, ambayo msimamizi alitugawia kama ahsante. Ilikuwa rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchovya. Ukipaka mkono mmoja tu, ukuta ulikuwa mweupe hadi unaumiza macho. Fundi alilitikisa kopo, akafikiri. "Hii ni ya ndani," alisema. Nikamwuliza ya nje ina nini ambacho hii haina. Akasema ya nje inavumilia mvua, na kule Pwani inavumilia joto. Nikamwambia kuta za kwao, Yustina alivyonieleza, ziko chini ya bati refu, mvua haizifikii, na joto la Iringa nani alishaliona? Fundi akacheka. "Kweli bwana, jua la huku ni la kuota tu, halina meno." Tulikubaliana hivyo, mwalimu na mwanafunzi, na hata leo sioni ni fundi gani wa nyanda hizi angefikiri vinginevyo. Sote tulipima jua kwa ngozi. Lisipochoma, tulihesabu kwamba halifanyi kitu.

Nilisafiri wiki ile ya kabla ya Krismasi, watu wanapopaka nyumba zao, nikiwa nimekalia makopo yangu nyuma ya lori. Njiani, Nyololo, dereva alisimama watu wanywe chai, nami nikakataa kushuka nisije nikaibiwa rangi. Abiria waliniletea kikombe juu, wakinicheka. Mzee Kalinga alinipokea kwa "kamwene", salamu ya kwao, na mkono mmoja, mkono wa kupima. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kanzu ya kanisani na koti jeusi alilolivaa kila Jumapili. Nilichagua ukuta wa kaskazini makusudi, maana ndio uliotazama barabara, na ndio uliokuwa na benchi la wageni. Nilipomaliza, ukuta uling'aa hadi wapita njia wakasimama. Mzee akauzunguka, akaugusa kwa kidole, akasema neno moja tu: "Utadumu?" Na mimi, badala ya kusema Mungu akipenda kama mtu mwenye malezi, nikasema, "Baba, ukuta huu utanizika mimi." Mama yake Yustina alileta kande na maziwa ya mgando, tukala tukiutazama. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkwe moyoni, bado tu taratibu.

Nilirudi Mbeya, na miezi ile nilikuwa mtu asiyevumilika. Nilimsimulia kila mtu habari za ukuta wa Kihesa. Yustina alikuwa akinitania kwamba nimeuchumbia ukuta, yeye ni msindikizaji. Sikuuona tena mpaka mwezi wa saba, tulipokwenda kumposa. Baba Mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kinanda, aliyeazima koti jeusi kwa mwalimu mmoja na kulibeba safari nzima ndani ya gazeti lisipate vumbi. Alinionya njiani: "Leo wewe huna mdomo. Utakaa, utanyamaza, utaangalia chini. Ukiulizwa, nitajibu mimi." Shangazi Skola alikuwa ametangulia kwao pamoja na Yustina. Tulifika asubuhi, upepo unakata masikio, na kwa heshima kabisa wakatuketisha mahali pazuri kuliko pote, kwenye benchi la ukuta wa jua. Wazee wa kwao wakaja kukaa nasi, Mzee Kalinga akiwa katikati, na sote tukaegemea; tangu nilipoupaka, Mzee alikuwa amekataza mtu yeyote kuuegemea, usichafuke kabla ya siku hiyo. Ukuta kwa mbali ulikuwa mweupe vilevile, nikaona kifua kinanijaa. Tulizungumza mahindi, barabara, baridi. Baba Mdogo alijisugua mgongo taratibu ukutani kwa raha kama ng'ombe kwenye mti.

Walipotuita ndani, wazee waliinuka kwanza. Mimi nilibaki nyuma yao kama nilivyofundishwa, na ndipo nikaona. Migongo yote ilikuwa nyeupe. Koti la mwalimu lilikuwa jeupe kuanzia mabegani hadi kiunoni, la Mzee Kalinga vivyo hivyo, na wazee wengine kila mmoja na umbo la mgongo wake. Niligeuka nikapitisha kiganja ukutani, kikaja na unga laini, mkavu, mwembamba kuliko unga wa mahindi uliochekechwa. Rangi chini yake ilikuwa bado imeshika. Juu tu ndipo palipogeuka kuwa poda. Na sikuweza kufanya lolote, maana yule wa mbele yangu alikuwa baba mkwe, na mgongo wa mkwe haupigwi kiganja. Hata kumwambia "Baba, simama nikufute" ni maneno ambayo mdomo wangu, ambao siku ile haukuwepo, usingeweza kuyatoa. Niliwatazama wakipita mlangoni mmoja mmoja, nikiomba sebule iwe na giza.

Sebule ilikuwa na giza kiasi. Viti vilikuwa na vitambaa vyeusi vilivyofumwa kwa mkono, na jikoni nilisikia sufuria na kicheko cha Yustina, kwa kuwa alipaswa kukaa huko mpaka aitwe aulizwe kama anawafahamu wageni. Baba Mdogo aliinuka kutoa salamu, akageuka kutundika kofia yake msumarini, na mwanga wa dirisha ukampata mgongoni. Shangazi Skola akapiga yowe. "Mgongo wako una nini?" Akamgeukia kaka yake, akaona na yeye anao, na wazee wote wanao, na vitambaa vyeusi vya viti vimekwisha kupata madoa. Akasimama katikati ya chumba. "Mmetupaka nini?" aliuliza. "Mmekuja kuposa au mmekuja kutufunga kwa dawa?" Kila mtu mle alijua maana ya unga mweupe usiojulikana umetoka wapi, unaowekwa mtu mgongoni asikoweza kuona. Baba Mdogo, ambaye hasira yake haikuwa mbali siku zote, akavua koti, akalitazama. "Mama, sisi ni wageni," alisema. "Tumekaa mlipotukalisha. Kama kuna dawa, imetoka kwenye nyumba hii. Lugano, inuka twende."

Sikuinuka kwenda. Niliinuka kusema, na nadhani hilo ndilo jambo pekee la siku ile lisilonichoma nikilikumbuka, ingawa sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto. "Si dawa," nilisema. "Ni rangi. Ni rangi yangu, ya ukuta. Imeharibika." Baba Mdogo alinitazama kana kwamba nimevua nguo. Mzee Kalinga alitoa leso mfukoni, akatoka nje, tukamsikia anafuta, akarudi, akaikunjua mbele ya watu wote ikiwa nyeupe. Kisha akaniuliza kwa upole, na afadhali angenifokea. "Mvua haikufika pale. Moto haukufika. Mtoto hakuikwangua. Nani ameila rangi yako?"

"Sijui, Baba."

"Wewe ndiye fundi."

"Ndiyo, Baba. Sijui."

"Ulisema ukuta utakuzika."

Nilitazama sakafu, saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hadi naona uso wangu ndani yake, uso wa mtu aliyevunja kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Mzee mmoja wa pembeni akaguna, "Inaoshwa na mvua? Hii hata mvua haikungoja," na mtu akacheka, kisha akameza kicheko chake. Shangazi Skola aliketi. Hofu ya dawa ilikwisha, lakini kilichobaki kwangu kilikuwa kibaya zaidi, maana sasa walinihurumia. Mzee Kalinga alikunja leso yake taratibu, na nikajua kwamba akifika mwisho wa kuikunja atasema asante kwa kututembelea, safari njema.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka. Yustina hakuwa ameitwa. Alikuwa amesikia kila neno, kama jiko lolote linavyosikia sebule. Alipita mbele ya baba yake, mbele ya wazee wa pande zote mbili, hakumsalimia mtu, akaja nyuma yangu na kunipangusa mgongo. Alipangusa kwa kiganja, kutoka bega hadi kiuno, bila haraka, kama mwanamke anayemwandaa mumewe kwenda kazini. Unga ukatimka kwenye mwanga wa dirisha. "Yesu wangu, mtoto huyu!" alisema Shangazi Skola, akajifunika uso kwa kanga. Mzee Kalinga alibaki na leso mkononi. "Basi," alisema. "Amejibu kabla hajaulizwa. Kaeni tuzungumze." Kisha akanielekezea kidole. "Lakini ukuta utaurudia. Na utaurudia mchana, watu wakipita."

Niliurudia. Nilisugua ukuta ule kwa msasa na matambara ya maji juma zima, nikiwa mweupe hadi kope, na Kihesa yote ilipata sababu ya kupita barabara ile. Watoto ndio waliotunga jina, Bwana Unga, na jina likanishika kuliko rangi ilivyoshika ukuta. Nimeitwa hivyo sokoni, kanisani, hata na padri aliyesahau jina langu siku ya kubariki nyumba. Nilibaki Iringa, nikapaka nyumba nyingi, na kila ukuta nilioumaliza niliusugua kwa kitambaa cheusi nikiwa nimejificha. Fundi Mwasomola nilimwuliza zaidi ya mara moja, akaniambia labda mafuta yalikuwa machache. Alikufa bila kujua, nami niliona nitakufa hivyo. Na Yustina, tangu asubuhi ya kwanza ya ndoa yetu mpaka alipolazwa hospitali, hakuniacha nitoke mlangoni kabla ya kunipangusa mgongo. Hapakuwa na kitu mgongoni. Mwanzoni nilikasirika, nikidhani ananikumbusha aibu yangu. Nilimwambia aache, mbele ya wageni, kwa ukali. Kesho yake akanipangusa tena.

Siku ya tatu ya msiba, watu walipokwenda kula, mjukuu wangu Atupele alinikuta nimesimama mbele ya ukuta ule na kiganja changu juu yake. Anasoma kemia chuoni Mbeya, mambo ya madini madogo yasiyoonekana kwa macho wala kwa miwani yangu. Shemeji ameupaka ukuta upya, mweupe, rangi ya dukani. Nilipokiangalia kiganja, kilikuwa safi.

"Babu," alisema, "ile rangi yako haikuharibika. Ilikuwa inafanya kazi."

Nilimwambia asinitanie siku ile. Akasema hatanii. Alinieleza kwamba weupe wa rangi ni chembe za madini, na kwamba jua lina sehemu isiyoonekana, wanaiita urujuanimno. Hiyo haina joto la kuota, kwa hiyo ngozi haikwambii kitu. "Huku juu hewa ni nyepesi, na kiangazi hakuna mawingu. Inashuka nyingi kuliko unavyodhani, hata ukiwa unatetemeka kwa baridi. Ikizipiga zile chembe zinaamka, zinaanza kuchoma mafuta yaliyozishika ukutani. Yakiisha, hazina cha kuzishika. Ndiyo ule unga."

"Kwa hiyo chembe zilikula kilichozibeba."

"Ndiyo, Babu. Rangi za nje siku hizi kila chembe inavalishwa koti lake, ili isiguse mafuta. Sisi chuoni tunazitaka uchi. Tunazitengeneza ndogo zaidi kabisa, tunazitia kwenye maji machafu ya viwanda vya nguo, tunayaweka juani, na rangi yote inaliwa, maji yanabaki meupe. Nyingine tunazipaka kwenye kibati chenye nyaya, tukizimulika kwa mwanga huohuo zinanusa hewa mbaya ya ghala kabla ya pua ya mtu." Alicheka kidogo, akiwa na macho mekundu ya kulia. "Ukuta wa Babu ulikuwa maabara."

Nilidhani siku nikijibiwa swali la Mzee Kalinga nitashusha mzigo. Nilijiona nikiliingiza jibu lile katika sebule ile, nikiliweka mbele yao: Baba, ni jua. Lakini hawapo. Na hata wangekuwepo, jibu lisingeondoa kilichonichoma, maana nilikuwa nimesema jambo nisilolijua kwa sauti ya mtu anayelijua, nikala na kande juu yake. Kilichonipata pale kilikuwa kingine. Mguu wangu ulikuwa umekwisha kuinuka kwenda jikoni, kumwita Yustina, nimwambie ni jua, mke wangu, lilikuwa jua. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya nyumba kabla sijakumbuka. Atupele aliniona, na niliona aibu mbele ya mtoto yule kuliko nilivyoona mbele ya wazee wote wale.

Nilirudi. Nikaegemea ukuta, mgongo wangu wote, kama wengine, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya posa, nikafumba macho juani mpaka nikasikia watu wanaanza kutoka kula. Kisha nikasimama, nikampa Atupele mgongo.

"Niangalie," nilisema. "Kuna kitu?"

"Hakuna kitu, Babu. Koti ni safi."

"Pangusa tu," nilimwambia.